Kijidudu cha Mafuta Hula Nini?

Zamani za misafara mafuta ya mawese yalitoka Ujiji yakaja Tabora mabegani mwa wapagazi, hata reli ikafika mwaka 1912. Siku hizi twasikia habari ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, bakteria. Mmoja aitwaye Rhodococcus opacus, akilishwa sukari nyingi na naitrojeni kidogo, hujaza mafuta mwilini mwake, nayo yaweza kugeuzwa kuwa dizeli, kama ile ya malori yapitayo Tabora leo.

Twamshukuru Mungu kwa kiumbe huyu. Lakini atakula nini? Sukari hutoka katika muwa au mahindi, navyo hutaka shamba. Huko Kisarawe mwaka 2009 hekta zaidi ya 8,000 zilitolewa kwa mbono wa mafuta. Mwaka 2011 kazi ikasimama, na wanakijiji wengi wakabaki hawana ujira wala ardhi.

Wengine husema alishwe mabua, maana ni takataka. Mkulima wa Tabora hayaiti hivyo: ng'ombe huyala baada ya mavuno, na yasaliayo hurudi udongoni. Akija mtu kuyataka, twaona ni haki aulizwe kwanza mkulima yule, tena na mkewe, ajuaye jikoni huwashwa nini.