"Shetani Alinipitia": Hiari, Kishawishi na Wajibu wa Mtenda

Mtu atendapo ovu akashikwa, Kiswahili humpa kauli iliyo tayari ulimini: "Shetani alinipitia." Kauli hii yafaa ichunguzwe kisarufi kabla ya kuchunguzwa kithiolojia. Shetani ndiye kiima cha sentensi. Msemaji amebaki katika kiambishi -ni-, yaani katika nafasi ya yambwa. Aliyetenda amegeuka mtendwa.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika jopo lililomhoji mwanafunzi aliyenaswa na maandishi ya siri katika chumba cha mtihani. Alijitetea kwa kauli hiyo hiyo. Mwenzetu mmoja alicheka. Mimi nilimhurumia, nikapendekeza apunguziwe adhabu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza iwapo huruma yangu ilimheshimu au ilimdunisha. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kurejelea mapokeo ya Kikristo, ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa ndiyo yanayoihalalisha kauli yenyewe.

Tuanze na Mwanzo, sura ya tatu. Adamu anamtaja mkewe. Mke anamtaja nyoka. Mungu anawauliza wawili hao maswali, lakini nyoka haulizwi lolote. Hata hivyo, kila mmoja wa watatu hao anapokea hukumu yake. Hatia ya nyoka haipunguzi hatia ya waliomsikiliza. Isitoshe, sura hiyo haimwiti nyoka Shetani. Ufasiri huo unajitokeza waziwazi katika Ufunuo 12:9. Katika Mathayo 4, Ibilisi anamsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, kisha anamtaka ajitupe mwenyewe. Hamsukumi. Uwezo wa mshawishi unakomea pale hiari ya mshawishiwa inapoanzia. Naye mwandishi wa Waraka wa Yakobo anapoeleza chanzo cha majaribu (1:14), anaitaja tamaa ya mtu mwenyewe, wala hamtaji Ibilisi.

Augustino (354–430), mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliigawa dhambi katika hatua tatu: uchochezi, mvuto na ridhaa. Uchochezi waweza kutoka nje, na mvuto waweza kuamka bila kualikwa. Lakini dhambi hukamilika katika ridhaa. Mgawanyo huu haukutokana na nadharia tupu. Kwa takriban miaka tisa Augustino alikuwa mfuasi wa Umani, mafundisho yaliyomwelekeza kuamini kwamba kinachotenda dhambi ndani ya mtu ni asili nyingine, si yeye. Katika Maungamo, anakiri kwamba imani hiyo ilimfurahisha kwa sababu ilikitukuza kiburi chake: aliweza kukosa na bado akajiona hana kosa. Hapana shaka kwamba huko ndiko kusema "Shetani alinipitia" kwa lugha ya wanafalsafa.

Yamkini msomaji atapinga kwamba si Wakristo wote walioitetea hiari. Mnamo 1525, akimjibu Erasmus aliyekuwa ameandika mwaka mmoja kabla, Martin Luther aliifananisha nia ya mwanadamu na mnyama anayepandwa ama na Mungu ama na Shetani, asiyeweza kujichagulia mpandaji. Je, mwanafunzi wetu hakupata wakili hapa? La. Luther huyo huyo anatofautisha ulazima na kushurutishwa: mwovu hakokotwi kwenye uovu kama mwizi anavyokokotwa kwenye adhabu, anauendea kwa kupenda. Hivyo basi, hata aliyeikana hiari kwa ukali hakumruhusu mtenda aondoke katika tendo lake.

Lakini kicheko cha mwenzetu nacho hakikuwa na haki. Kauli ile ina chembe ya ukweli ambayo mwadilifu mkali huipuuza: vishawishi vingi hutufikia bila sisi kuviita. John Milton, katika Paradise Lost (1667), anamwonyesha Shetani akiwa chura karibu na sikio la Hawa aliyelala, akimtilia ndoto ya uasi. Hawa anapoamka ameshtuka, Adamu anamtuliza kwamba wazo ovu laweza kupita akilini bila kuacha doa, mradi halikuridhiwa. Tukio la bustanini linakuja baadaye, naye Hawa yu macho. Hapo ndipo tendo linapokuwa lake.

Methali yetu, kikulacho ki nguoni mwako, inaafikiana na mgawanyo huu kwa namna ya ajabu. Mdudu yu karibu mno kuitwa mgeni, lakini nguo si mwili. Mwenye nguo angali na uwezo wa kuikung'uta.

Ninaamini sasa kwamba huruma yangu ilikosea njia. Sijuti kuomba adhabu ipunguzwe. Ninajuta kwamba niliomba kwa sababu ile aliyoitoa. Kwa kuikubali nilimthibitishia kuwa hakuwepo katika tendo lake mwenyewe, na asiyekuwepo hawezi kutubu wala kujirekebisha. Nilipaswa kumuuliza: "Alipopita, wewe ulikuwa umesimama wapi?" Swali hilo lingemuumiza kuliko msamaha wangu, lakini lingemrudisha katika nafasi ya kiima. Msamaha wa kweli huanzia hapo, kwani hasamehewi ila aliyetenda.