Begi Moja, Madai Mawili

Jumuiya yetu hukutana Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba, huku Mbagala ya ndani ambako bajaji hukushusha na safari iliyobaki ni ya miguu. Neno likishasomwa na sadaka ikishahesabiwa, hubaki muda wa mazungumzo. Jioni moja dada mmoja wa kwaya alituletea swali ambalo hatukulitegemea: je, ni dhambi kulipwa na bima mbili kwa begi moja?

Alikuwa amekwenda Ujerumani na ujumbe wa usharika, kuwatembelea marafiki wa kanisa. Viza ya nchi za Schengen haitolewi bila bima ya safari yenye kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ile aliyonunua yeye iligusa pia mizigo. Huko, ndani ya treni, begi lake likachukuliwa. Lilikuwa na kamera anayopigia picha za harusi, lenzi mbili na simu. Vyote kwa pamoja shilingi 3,200,000. Alipata karatasi ya polisi, akarudi, akadai, akalipwa 2,000,000. Hicho ndicho kilikuwa kikomo cha mizigo katika mkataba wake.

Sasa, dada huyu alijenga kwa mkopo, na benki ilitaka nyumba iwe na bima. Wakala alimshauri aongeze kidogo ili vyombo vya ndani navyo viingie, pamoja na vile anavyotoka navyo. Kwa hiyo kamera ileile ilikuwa na kinga ya pili, katika kampuni nyingine. Mdogo wake, ambaye ni mhasibu, akamwambia adai 3,200,000 yote huko nako. Umelipa ada mbili, ulipwe mara mbili. Fomu alikuja nayo kwenye mkoba. Ilikuwa imejazwa kila mahali isipokuwa kisanduku kimoja, kile kinachouliza kama kuna bima nyingine inayohusu mali hiyo.

Hatukuwa na haraka ya kumhukumu. Tulijua mtoto wake yuko nyumbani kwa sababu ya ada ya shule, na kila mmoja wetu alishapiga hesabu ya zile milioni mbili za ziada kichwani.

Mama mmoja mjane ndiye aliyetutikisa. Alisema, "Mimi nipo kwenye vikundi viwili vya kuzikana. Baba wa watoto alipofariki nilipewa huku na nikapewa huku, na hakuna aliyeniita mwizi. Huyu mwenzetu ana kosa gani?"

Tulikaa kimya. Mzee wa jumuiya alitaka kufunga kwa sala, tukamwomba asubiri.

Jibu lilikuja polepole. Watu wa bima wenyewe wanatenganisha mambo mawili. Bima ya maisha mtu anaweza kuwa nayo mbili au tatu, na akifa zote hulipa, wala hakuna udanganyifu. Ni kwa sababu mtu hana bei. Hakuna anayeweza kusema kwamba mjane sasa amelipwa mume wake kamili na chenji irudi. Begi lina bei. Bima ya mali imeahidi kukurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, basi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililisema hili wazi mwaka 1883 katika kesi ya Castellain na Preston. Mtu alikuwa ameuza nyumba, moto ukaiharibu kabla mauzo hayajakamilika, akalipwa na bima, kisha mnunuzi naye akamlipa bei kamili. Aliamriwa kurudisha fedha ya bima.

Kwa hiyo rambirambi za mama si sawa na begi la dada. Rambirambi ni mkono wa pole, na mikono ya pole haina idadi. Ila mmoja wetu aliongeza, pengine bila kufikiri, kwamba fedha ya jeneza ni jambo jingine, maana marehemu huzikwa katika jeneza moja. Mama hakujibu.

Lakini ada mbili je? Hoja ya mhasibu ina uzito, na wakala naye alistahili kumuuliza dada ana kinga gani tayari. Siku ya kuuza, maswali huwa machache. Wapo hata wanaolipa mara mbili bila hiari. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hulazimika kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, na wengi wao wametoka kwao na bima nyingine. Hata huyo, begi lake likipotea, limepotea mara moja. Ada ya pili ya dada ililinda runinga, friji na makochi mwaka mzima. Iligongana na ile ya kwanza kwa siku chache tu, juu ya kamera. Alichonunua ni kinga, na kinga aliipata.

Wengine walisema kampuni ni tajiri, haitaona. Hapo sisi wa Mbagala tuna la kukumbuka. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka hapa kwetu. Watu zaidi ya 20 walifariki na maelfu ya nyumba ziliharibika. Walipokuja watu wa kuorodhesha hasara, kwenye mtaa wetu kabati moja liliandikwa na mwenye nyumba, kisha likaandikwa na mpangaji. Baadhi yetu tulioketi jioni ile tulijua kabati hilo lilikuwa la nani. Hatuwezi kusema kwamba kilichomkosa jirani ndicho kilichoingia kwetu mara mbili. Tunajua tu kwamba jirani alikosa, na kwamba tangu siku ile tunamsalimia haraka haraka. Mfuko wa bima nao umejazwa na watu: mwenye duka Rangi Tatu, mwenye daladala, mjane mwenye kibanda.

Mwinjilisti alitukumbusha Gehazi katika 2 Wafalme 5. Naamani alimpa talanta mbili kwa moyo mweupe, na akamsihi apokee zote. Hakuna aliyelia hasara. Hata hadithi ya Gehazi, ya vijana wawili waliofika kutoka milimani, ilikuwa ya kuaminika kabisa. Kisha Elisha akamuuliza swali moja dogo, ametoka wapi, naye akajibu kwamba hakwenda popote. Tulikitazama tena kile kisanduku kwenye fomu.

Ipo njia ya haki ya kutumia bima zote mbili, na watu wengi hawaijui. Unaandika kwamba ya kwanza imelipa 2,000,000, unaambatisha barua yake, na unadai 1,200,000 iliyobaki. Kampuni zikitaka kugawana mzigo, hiyo ni kazi yao. Dada alifanya hivyo. Ilichukua miezi minne. Walikata kwa sababu kamera ilikuwa imechakaa, wakakata na sehemu ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe, wakampa 740,000. Mtoto alirudi shule amechelewa nusu muhula, ada ikalipwa kidogo kidogo. Mdogo wake anasema mpaka leo kwamba jumuiya ilimponza, na hatujapata neno la kumnyamazisha.

Alhamisi iliyofuata baada ya mazungumzo yale, mama mjane alikuwa wa kwanza kusema. Kikundi cha kwanza kilinunua jeneza. Cha pili kilimpa fedha ya jeneza, akaipokea. Hakutuuliza kama ni dhambi. Aliuliza kama kuna anayejua yule mweka hazina wa kikundi cha pili amehamia wapi.