Msiliazimie Jicho Majibu ya Ngozi

Dawa mpya ya saratani ikitangazwa, haipiti wiki sijaulizwa swali lile lile: je, haiwezi kumfaa na mgonjwa wetu? Mgonjwa mwenyewe ana saratani nyingine, mahali pengine kabisa mwilini, lakini moyo wa anayeuguza haubagui. Huokota tumaini popote linapoanguka. Siwalaumu. Nimeyaona haya tangu kichwa changu hakijaota mvi, na madaktari nao, pamoja na elimu yao yote, hawakosi pupa hiyo. Leo nasema nanyi mnaojifunza kazi za maabara na kliniki, nanyi mnaouguza, juu ya melanoma ya jicho, kwa maana hapo pupa imewalia watu muda, pesa na afya.

Melanoma wengi mnaijua kwa ile ya ngozi. Hii nyingine huota ndani ya jicho, katika uvea, lile tabaka la kati lenye mishipa ya damu na rangi, na mara nyingi hujificha sehemu ya nyuma iitwayo koroidi, ambako kioo cha nyumbani hakifiki. Kwetu ni nadra mno. Kliniki za Afrika Mashariki hushughulika zaidi na saratani ya utando wa juu wa jicho, na ile ya retina inayowapata watoto wadogo. Lakini kwa watu wa asili ya Ulaya, hasa kaskazini, ndiyo inayoongoza kati ya saratani zinazoanzia ndani ya jicho la mtu mzima, na hata huko huwapata watu kama 5 hadi 8 tu katika kila milioni kwa mwaka.

Katika miaka ya 1980 Wamarekani na Wakanada walianza utafiti wa kulinganisha tiba mbili: kung'oa jicho, au kulishonea kwa nje kibandiko chenye mionzi ya ayodini-125. Wagonjwa 1,317 waligawanywa kwa bahati nasibu. Majibu yalipotoka mwaka 2001, umri wa kuishi ulikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Jicho lingeweza kubaki, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye jicho, lakini kifo hakikusogezwa mbali. Seli zilikuwa zimekwisha kutoroka mapema. Ndani ya jicho hamna mishipa ya limfu, hivyo hupita kwenye damu, na makazi yake hasa ni ini. Kwa karibu nusu ya wagonjwa saratani huja kusambaa, wengine baada ya miaka 10 au hata 20, wakati watu wa nyumbani wamekwisha kusahau kwamba palikuwa na ugonjwa.

Basi zikaja dawa za kuondoa vizuizi vya kinga. Seli T, askari wa mwili, zina protini juu yake zinazozituliza zisiendelee kushambulia: CTLA-4, PD-1, LAG3 na nyinginezo. Saratani hujificha nyuma ya utulivu huo. Wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo walionyesha jinsi ya kuuondoa, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa ya kwanza iliidhinishwa mwaka 2011, za PD-1 zikafuata mwaka 2014, na wagonjwa wa melanoma ya ngozi waliokuwa wakihesabiwa miezi wakaanza kuhesabiwa miaka. Nani asingekimbilia huko? Walikimbilia. Mwaka 2016 ikatoka ripoti ya wagonjwa 56 wa melanoma ya jicho iliyosambaa, waliopewa dawa za PD-1 au za mwenzake PD-L1. Uvimbe ulinywea kwa wawili tu.

Fikirini juu ya wale 54. Dawa hizi zikiamsha kinga, kinga haichagui. Yaweza kuunguza utumbo, ini, tezi ya shingo, mapafu. Walipewa kwa sababu kwenye ngozi zilifaa. Lakini melanoma ya ngozi imepigwa na jua miaka mingi, imejaa mabadiliko ya jeni, na seli T hupata mengi ya kuitambulia. Ya jicho ina mabadiliko machache mno, mara nyingi yakianzia kwenye jeni GNAQ au GNA11. Seli T haina cha kushika.

Viashiria vya kubashiri mwenendo wa ugonjwa navyo viliazimwa vivyo hivyo. Ukiona moshi jikoni kwa jirani wa kwanza, unajua chakula ki karibu. Ukiuona kwa jirani wa pili, huenda paa linaungua. Kwenye ngozi, seli T nyingi ndani ya uvimbe ni habari njema. Kwenye jicho ni kinyume: tangu miaka ya 1990 imeonekana kwamba zinapojaa, mgonjwa huwa na mwisho mbaya zaidi. Mara nyingi uvimbe wa namna hiyo umepoteza nakala moja ya kromosomu ya 3, na jeni BAP1, ambayo uhusiano wake na melanoma hii ulitambuliwa mwaka 2010, imeharibika. Na mwaka 2020, seli za uvimbe zilipochunguzwa moja moja, kizuizi kilichotawala kwenye seli T kilikuwa LAG3, wala si PD-1 au CTLA-4 ambazo dawa zilikuwa zikizifuata.

Hata kuona kwenyewe kuna mtego. Rangi ya kawaida ya kuonyesha protini kwenye kioo cha hadubini ni ya kahawia, na melanini ya uvimbe ni kahawia. Kijana mwenye haraka huhesabu rangi ya ugonjwa akadhani ni kiashiria. Mwenye subira hutumia rangi nyekundu, au huipausha melanini kwanza, ndipo akaangalia vile viini vidogo vya mviringo vya seli T, vyeusi kwa zambarau, vilivyojipanga katikati ya seli za saratani.

Kisha kuna orodha hizi za viashiria vinavyosemekana kubashiri nani atapona. Mwaka 2017 mradi wa Marekani wa ramani za jeni za saratani ulichapisha uchunguzi wa kina wa melanoma 80 za jicho, data ikaachwa wazi, na tangu hapo orodha kwa orodha zimepikwa kutoka melanoma zile zile 80. Ni kazi ya watu wenye bidii. Ila kila orodha ninaiuliza jambo moja: tukishajua hali ya kromosomu ya 3 na BAP1, wewe unatuongezea nini? Nyingi hapo hunyamaza.

Dawa iliyowafaa wa jicho ilithibitishwa kwa kujaribiwa kwa wagonjwa wa jicho wenyewe. Tebentafusp, iliyoidhinishwa Marekani mwanzoni mwa 2022, haiondoi kizuizi. Huishika seli T na kuiunganisha na seli ya saratani. Katika wagonjwa 378, waliokuwa hai baada ya mwaka walikuwa asilimia 73, dhidi ya 59 kwa waliopata tiba nyingine. Lakini humfaa tu mwenye aina ya tishu HLA-A*02:01, ambayo karibu nusu ya watu wa asili ya Ulaya wanayo, na Waafrika wachache zaidi. Pimeni hilo kabla ya kumtajia mtu jina la dawa.

Na anayeuguza akija mbio kuuliza kipimo cha PD-L1 cha mgonjwa wake ni ngapi, msimkatishe. Mpeni kiti. Mwelezeni kwanza kuhusu kromosomu ya 3, pole pole, mara ya pili ikibidi, kisha mwandikieni tarehe ya kupiga picha ya ini.