Hesabu Waliyofundishwa Watoto

Wazazi wapendwa, mtoto arudipo kutoka shule mwamwuliza habari za katekisimu, nanyi mwafanya vema. Leo twawaomba mfungue na daftari lake la hesabu.

Kule Ujerumani, baada ya Hitler kushika utawala mwaka 1933, vitabu vya hesabu vilitiwa maswali ya namna hii: mgonjwa wa akili hugharimu serikali fedha kadha wa kadha, je, kwa fedha hizo zingejengwa nyumba ngapi za watu wazima na afya zao? Tazameni ujanja wake. Swali halina tusi wala amri ya kuua. Mtoto agawanya, azidisha, asifiwa na mwalimu, kisha arudi nyumbani akiwa amejifunza kwamba mgonjwa ni hasara. Utawala usiokubali kuulizwa huingia nyumbani kwa mlango mdogo kama huo. Mzazi ambaye angemsahihisha mwanawe aliogopa, maana neno la mezani liliweza kufika kwa askari. Akanyamaza, na mtoto akadhani kimya kile ni kibali.

Mwaka 1941 hesabu ile ilikuwa imekwisha toka daftarini. Katika hospitali ya Hadamar, tangu Januari hata Agosti, wagonjwa zaidi ya 10,000 waliuawa kwa hewa ya sumu na miili yao ikachomwa. Tarehe 13 Agosti Askofu Hilfrich wa Limburg alimwandikia Waziri wa Sheria, na katika barua yake mna jambo la kutisha kupita moshi wenyewe. Watoto wa kule, wayaonapo mabasi ya wagonjwa, walisema sanduku la mauaji laja tena. Wakigombana walitukanana: wewe huna akili, utapelekwa kwenye tanuri la Hadamar. Watoto, jamani! Kifo cha jirani kimekuwa tusi la michezoni.

Siku kumi kabla ya barua hiyo, Askofu von Galen wa Münster alikuwa amepanda mimbarani, akayaita mauaji hayo kwa jina lake, akawaonya watu kwamba ikiwa asiyeweza kazi aweza kuuawa, basi ole wetu sote tutakapozeeka. Mahubiri yake yalinakiliwa kwa siri, yakapita mkono kwa mkono. Mwezi uo huo Hitler aliamuru hewa ya sumu isimamishwe hospitalini, ingawa dawa na njaa ziliendelea kuua hadi 1945. Na mapadre watatu wa Lübeck walioyaeneza mahubiri hayo, pamoja na mchungaji mmoja Mluteri, walikatwa vichwa tarehe 10 Novemba 1943.