Sikio la Chura na Kipimo cha Haki

Seli ya neva haina lugha pana. Hupiga mpigo mfupi wa umeme, hunyamaza, hupiga tena. Katika miaka ya 1920 mtafiti Edgar Adrian alionyesha kwamba kichocheo kikizidi nguvu mpigo wenyewe haukui, bali mipigo huongezeka. Kisha ikaja hesabu ya habari ya Claude Shannon, mwaka 1948, na watafiti wakapata namna ya kuuliza: katika yote ambayo mfululizo wa mipigo ungeweza kubeba, ni kiasi gani kinachohusu kweli ulimwengu wa nje, na kipi ni kelele tu? Sehemu hiyo ya kweli, ikilinganishwa na yote, ndiyo ufanisi.

Mwaka 1995 Fred Rieke, William Bialek na mwenzao walichapisha vipimo vya neva za sikio la chura mkubwa wa Amerika Kaskazini. Walimsikilizisha mvumo uliochanganya sauti nene na nyembamba bila kupendelea yoyote. Walimsikilizisha pia mvumo uliopangwa ufanane na milio ya vyura wenzake. Kwa huu wa pili habari iliongezeka mara mbili hadi sita, na ufanisi ukafikia hata asilimia 90. Neva ni zilezile.

Hapo ndipo nakwama, na sina haraka ya kujinasua. Ule mvumo usiopendelea sauti yoyote ulikuwa haki mbele ya mashine. Chura hakuwahi kuishi katika dunia ya namna hiyo. Aliyeishia kwenye jaribio hilo angeandika, kwa nia njema kabisa, kwamba sikio lile ni hafifu. Ni kama mtoto wa muuza nyanya anayekokotoa chenji kichwani kabla mteja hajafunga pochi, halafu darasani hesabu hizohizo zikiandikwa ubaoni anapata sifuri.

Sisemi kila kipimo ni dhuluma. Kelele ipo, na baadhi ya mipigo haisemi lolote. Lakini hata tukishampa chura sauti yake, bado kuna suala la chakula. Ubongo wa binadamu ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, nao hula karibu asilimia 20 ya nishati tunapopumzika. Kila mpigo una gharama. Mwaka 1996 watafiti Levy na Baxter walionyesha kwa hesabu kwamba seli inayotaka kupata habari nyingi kwa nishati kidogo inapaswa kupiga kwa nadra, muda mwingi ikae kimya. Ukiipima kwa sekunde peke yake, utaiita mvivu.