Je, Mama Anayetafuta Nafuu ya Utungu Anapingana na Mungu?



Katika mikutano ya wamama, hapa Dzaleka na kwa ndugu wa Kauma, kuna swali linalorudi mara kwa mara: mama anayejifungua akiomba kutulizwa utungu, je, amepungukiwa na imani? Wako wanaojibu ndiyo. Wanafungua Mwanzo 3:16 na kusema kwamba Mungu mwenyewe alitamka utungu, kwa hiyo anayeukimbia analikimbia Neno. Maneno hayo yamewafanya dada zetu wengine kuumia kimya, na waliozaa kwa kupasuliwa kurudi nyumbani na aibu, kana kwamba hawakuzaa. Basi tulitazame jambo hili vizuri.

Swali si geni. Mwaka 1847, huko Edinburgh, daktari James Young Simpson alianza kutumia etha na kisha klorofomu kuwapunguzia wanawake utungu. Alipingwa kwa andiko hilohilo. Mwaka huohuo aliandika kijitabu cha kuwajibu wapinzani, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa Mwanzo 2:21: Mungu alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kuutwaa ubavu wake. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alijifungua mtoto wake wa nane kwa msaada wa klorofomu. Mwaka 1956 Papa Pius XII naye alifundisha kwamba Maandiko hayakatazi njia za kupunguza maumivu ya kuzaa.

Lakini sisi hatujengi juu ya malkia wala papa. Tusome sura yenyewe. Katika Kiebrania, neno linalotaja taabu ya mwanamke katika mstari wa 16 ndilo linalotaja taabu ya mwanamume shambani katika mstari wa 17. Sasa niwaulize wababa: ni nani kati yetu anayetupa jembe na kulima kwa vidole, kusudi asiikwepe hukumu? Ni nani anayeiacha miiba imee katika mahindi yake kwa kuwa imeandikwa? Tunapalilia, tunatia mbolea, na mvua ikija tunamshukuru Mungu. Ikiwa ni halali mwanamume apunguziwe taabu yake, kwa sheria gani mwanamke anyimwe? Neno hilohilo linarudi katika Mwanzo 5:29, pale Lameki anapomwita mwanawe Nuhu kwa tumaini la kufarijiwa katika taabu. Tangu zamani watu wa Mungu waliitazamia faraja; hawakuiabudu taabu.

Mwingine atasema: mbona Bwana wetu pale Golgotha alikataa divai iliyotiwa manemane (Marko 15:23)? Ni kweli alikataa. Lakini alikataa kikombe chake mwenyewe, katika kazi aliyokuja kuifanya yeye peke yake. Hatusomi popote kwamba alimwambia mgonjwa aendelee kuumia. Msalaba mtu hujitwika mwenyewe. Ukimtwika mwenzako, huo si msalaba tena, ni mzigo. Na mara nyingi anayehubiri uvumilivu wa utungu ni yule ambaye hatausikia kamwe.

Tena, nafuu si dawa tu. Sindano ya ganzi ya mgongoni inayotolewa katika hospitali kubwa haipatikani katika kituo kidogo cha afya. Lakini miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inataja mambo yasiyohitaji fedha nyingi: mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye, atembee au akae wima apendavyo, akandwe mgongo, awekewe kitambaa cha moto, asaidiwe kupumua polepole. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2017, uliohusu wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, ulionyesha kwamba waliokuwa na msaidizi muda wote walizaa kwa njia ya kawaida zaidi, utungu wao ulikuwa mfupi kidogo, na walihitaji dawa za maumivu kwa uchache. Mtu wa kukaa karibu naye ni dawa.

Hapo ndipo swali linapotugeukia sisi kanisa. Nyumbani, mama mzazi na shangazi walikuwa karibu. Hapa, mama yake msichana amebaki Kivu, dada yake yuko nchi nyingine, na muuguzi anasema Kichewa. Msichana anaumia, na anachoambiwa hakielewi. Ni nani jamaa yake kama si sisi? Wamama mnaojua Kichewa, jitoeni kufuatana naye. Mwulizeni kwanza kama anataka kuguswa, maana wako waliotendewa ukatili njiani, na mkono usiotarajiwa huwarudishia hofu. Wababa, wekeni akiba ya usafiri kabla miezi haijatimia.

Nawaonya jambo moja. Dawa ya miti inayoitwa mwanamphepo, inayonywewa ili mtoto atoke upesi, si nafuu. Huzidisha nguvu ya utungu bila kipimo, na inaweza kupasua mfuko wa uzazi na kumnyima mtoto hewa. Mama awahi kituoni, na akiwa ameinywa, amwambie mkunga bila kuficha.

Katika Kutoka 1 tunasoma habari za Shifra na Pua, wakunga waliomcha Mungu. Uchaji wao ulionekana katika kulinda uhai, na Mungu akawatendea mema. Basi mama aliyepewa dawa, aliyepasuliwa, na aliyezaa bila msaada wowote, wote wamezaa. Tusiwapime imani kwa kelele walizopiga wala kwa sindano waliyochomwa. Tujipime sisi: alipoita usiku, nani aliamka?

Neema ya Bwana wetu iwe pamoja nanyi.

Mchungaji wenu