Tusiwavike watoto wachanga nguo za riba

Sifa zote njema anazistahiki Allah (sw), Mola wa walimwengu wote, aliyetujaalia watoto kuwa pambo la maisha ya dunia na mtihani kwetu kwa wakati huo huo. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aliyewabeba wajukuu wake mabegani na kuwaombea dua.

Ndugu Waislamu, leo napenda tuzungumze jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaliona dogo mno kuandikwa gazetini. Nalo ni nguo za mtoto mchanga. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu hapa Tabora, na jioni ninasomesha darsa mtaani kwetu Chemchem. Katika maswali ninayoletewa na vijana wenye ndoa changa, mengi ni ya pesa. Na hakuna kipindi kinachomtikisa kijana wa kipato kidogo kama miezi miwili ya mwisho kabla mkewe hajajifungua. Kodi ya chumba iko pale pale, chakula kiko pale pale, na sasa kuna orodha ndefu ya vitu vya mtoto ambaye hata hajafika.

Alinijia kijana mmoja baada ya sala ya Isha. Anaendesha bodaboda ya mtu na kila jioni hupeleka hesabu. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, Alhamdulillah. Lakini kijana huyu, ili mtoto avae nguo mpya, alale kwenye chandarua chenye maua na atolewe nje siku ya arobaini kwa shamrashamra, alichukua mkopo wa mtaani, ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Kila siku anatakiwa arejeshe, na asiporejesha deni linazaa. Nikamuuliza, "Mama wa mtoto anakula nini?" Akainamisha kichwa. Akasema, "Ustadh, siku hizi ni mlo mmoja, na uji ukipatikana." Nikamuuliza kwa nini hakuazima nguo kwa dada zake waliokwishazaa. Akajibu kuwa mama mkwe alikataa, alisema mjukuu wake hatatoka ndani na nguo za mtu.

Tazama hali hiyo, ndugu msomaji. Mtoto amevaa gauni la kupendeza, na mama anayemnyonyesha ana njaa.

Qur'an inasemaje?

Katika Suratul-Baqara aya ya 233, Allah (sw) anapozungumzia kunyonyesha, amemwekea baba wajibu wa chakula na mavazi kwa wema. Lakini chakula cha nani na mavazi ya nani? Ukiitazama aya utakuta waliotajwa hapo ni mama wanaonyonyesha. Wanavyuoni wamefahamu, bila ya shaka, kuwa matumizi ya mtoto nayo yako juu ya baba. Hata hivyo, mwenye kuzingatia ataona hekima ya mama kutajwa waziwazi. Mama akishiba, mtoto amepata chakula chake. Mama akiwa na nguo ya kujifunika, mtoto amepata joto lake. Kisha aya hiyo hiyo inaweka mpaka: hakuna anayekalifishwa zaidi ya uwezo wake, na wala mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba vivyo hivyo.

Suratut-Talaq aya ya 7 inakuja na kanuni nyepesi kufahamika. Mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika kile alichopewa. Haikusemwa atoe katika kile atakachokopa kwa riba. Na riba, kama tunavyojua, ni dhambi ambayo mwisho wa Suratul-Baqara imeambatanishwa na tangazo la vita kutoka kwa Allah na Mtume wake. Ni baba gani mwenye akili atakayemfungulia mwanawe mlango wa dunia kwa vita vya namna hiyo?

Tukitazama yale ambayo dini yenyewe imeyasunisha kwa mtoto, tunakuta mambo mepesi. Siku ya saba anapewa jina na kunyolewa nywele. Imepokewa kuwa Bibi Fatima (r.a) alitoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele za Hasan, na uzito wenyewe ulikuwa kama dirhamu moja au pungufu yake, yaani gramu chache tu. Akika nayo, kwa kauli ya wanavyuoni wengi, ni Sunna kwa mwenye uwezo. Asiyeweza hana dhambi. Sasa ikiwa Sharia imemwonea huruma masikini katika ibada, sisi tumepata wapi mamlaka ya kumbebesha mzigo katika mila?

Mji uliozoea kupimana kwa kitambaa

Watu wa Tabora tuna historia ndefu na nguo. Karne ya 19, misafara ilipotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea Ujiji, kitambaa kilikuwa ndiyo pesa. Wapagazi walibeba merikani iliyotoka Marekani na kaniki ya Bara Hindi. Machifu wa njiani walilipwa hongo kwa vitambaa na shanga, na chakula kilinunuliwa kwa kitambaa. Kipimo kilikuwa shuka na doti, na doti moja ilikuwa mikono minane. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, na Stanley alipofika mwaka 1871, walihesabu mali yao hivyo hivyo. Robota la nguo alilobeba mpagazi liliitwa mtumba.

Maneno hayo tunayo mpaka leo. Tunanunua khanga kwa doti na tunachambua mitumba sokoni. Ninachohofia ni kuwa, pamoja na maneno, tumerithi pia tabia ya kumpima binadamu kwa kitambaa alichovaa, na sasa tunaanza kumpima tangu akiwa na siku arobaini. Allah (sw) katika Suratul-A'raf aya ya 26 ametaja kuwa ametuteremshia nguo za kusitiri tupu na za pambo, kisha akasema vazi la ucha Mungu ndilo bora. Pambo halikukatazwa. Lakini limewekwa mahali pake.

Mtoto anahitaji nini hasa?

Wakunga na wauguzi wanatufundisha kuwa mtoto mchanga anahitaji mambo matatu katika mavazi: awe mkavu, awe na joto la kiasi, na awe safi. Hayo yote yanapatikana kwa gharama ndogo.

Kuhusu ukavu, mtoto mchanga huweza kubadilishwa nepi mara nane hata kumi kwa siku. Kwa mwezi mmoja hizo ni nepi 240 hadi 300. Anayetumia za kutupa usiku na mchana afanye hesabu mwenyewe. Lakini khanga moja kuukuu, iliyokwishalainika kwa kufuliwa, ukiikata vipande vinne unapata nepi nne. Doti mbili zinakupa nepi 16. Pamba ya khanga inanyonya maji, na haichubui ngozi kama imesuuzwa vizuri sabuni ikaisha. Nepi ikunjwe chini ya kitovu ili kitovu kipate hewa kikauke, na kitovu kisipakwe kitu bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Kuhusu joto, usiku wa Juni na Julai hapa Tabora ni wa baridi. Mtoto avalishwe nguo moja au mbili zaidi ya zile anazohitaji mtu mzima, pamoja na kofia na soksi. Na joto lililo bora kuliko sweta lolote ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kisha khanga au blanketi juu yao wote wawili. Hilo halina bei. Ama Septemba na Oktoba jua linapowaka, si vizuri kumzongomeza mtoto nguo nzito eti kwa kuwa ni mpya na watu waje wazione.

Kuhusu usafi, nguo za mitumba na za kuazima zifuliwe kwa sabuni na maji ya kutosha, zisuuzwe, zianikwe juani juu ya kamba, wala si chini, kisha zipigwe pasi pande zote. Pasi ya mkaa inatosha. Joto lake huua mayai ya wale nzi wanaotaga kwenye nguo mbichi, ambao funza wao huingia kwenye ngozi ya mtoto. Nguo ikishafuliwa hivyo ni tahara na inafaa. Kuwa imevaliwa na mwingine hakuifanyi najisi.

Tusisahau pia kuwa mtoto mwenye afya huongeza uzito wake maradufu ifikapo miezi mitano hivi. Nguo ya mtoto aliyezaliwa leo, baada ya wiki chache haimwingii. Kwa hiyo nguo nyingi za wachanga zinaachwa zikiwa bado nzima kabisa. Zinalala masandukuni nyumba hii, wakati nyumba ya pili wanakopa.

Zipo itikadi mbili zinazoongeza gharama. Ya kwanza ni kusema kuwa kununua nguo kabla mtoto hajazaliwa ni kuita mkosi. Huko ni kuamini mikosi, na Mtume (s.a.w) ametukataza. Matokeo yake baba anakaa miezi tisa bila kujiandaa, kisha ananunua vyote siku moja kwa bei yoyote. Haba na haba hujaza kibaba: mwezi huu kofia, mwezi ujao blanketi. Ya pili ni kununua hirizi na nyuzi nyeusi za kumfunga mtoto mkononi. Imepokewa katika Bukhari kuwa Mtume (s.a.w) aliwakinga Hasan na Husein kwa dua, akiwaombea hifadhi kwa maneno ya Allah yaliyotimia dhidi ya shetani, wadudu wenye sumu na jicho la hasadi, na akaeleza kuwa Nabii Ibrahim (a.s) aliwakinga hivyo Ismail na Is-haq. Dua hiyo hailipiwi hata senti.

Kuazima si aibu

Hapa ndipo kwenye kiini cha maneno yangu. Imepokewa katika Bukhari kuwa Bibi Aisha (r.a) alikuwa na vazi moja zama za Mtume (s.a.w), na kila mwanamke aliyetaka kupambwa Madina alituma mtu kwenda kuliazima kwake. Fikiri, ndugu yangu! Mabibi harusi wa Madina, katika kizazi bora kuliko vyote, walitoka na vazi la kuazima, na mwenye vazi hilo ni mke wa Mtume. Hakuna aliyesema hatatoka na nguo za mtu. Sasa mjukuu wa Chemchem ana utukufu gani uliowazidi hao?

Kwa upande mwingine, Suratul-Ma'un imewakemea wanaoswali kwa kujionyesha na wanaozuia msaada mdogo mdogo. Wafasiri wengi wameeleza kuwa msaada huo ni vyombo wanavyoazimana majirani, kama ndoo na chungu. Nami nasema, katika mitaa yetu leo, nguo za mtoto mchanga zinaingia humo. Mwenye sanduku lililojaa vinguo visivyovaliwa, na jirani yake ana mimba ya miezi minane na hana kitu, asome sura hiyo tena akiwa peke yake.

Na jukumu haliishii kwa majirani. Msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi Madina wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a). Usiku alikwenda kuulinda, akasikia mtoto analia tena na tena. Alipomuuliza mama, asimjue kuwa ni Khalifa, alimwambia kuwa anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyeacha kunyonya. Umar aliswalisha Alfajiri huku akilia, kisha akatangaza watu wasiharakishe kuwaachisha watoto, na kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu akaandikiwa posho. Sisi watu wa mji wa misafara tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa habari hii. Kiongozi hakungoja masikini waje kuomba. Alitoka usiku kusikiliza.

Tufanye nini?

Napendekeza kila msikiti uwe na sanduku la nguo za wachanga, likisimamiwa na akina mama. Mwenye nguo zilizomwacha mtoto wake azilete zimefuliwa na kupigwa pasi. Anayekaribia kujifungua achukue bila kuulizwa maswali mengi, wala jina lake lisitangazwe. Mtoto akikua, nguo zirudi zimwendee mwingine. Mwenye kutoa anaweza kuzifanya waqfu, na akaendelea kupata thawabu kwa kila mtoto atakayestirika. Jambo hili halihitaji ofisi wala mfadhili kutoka nje.

Maimamu walizungumzie katika khutba, hasa suala la riba. Akina mama wakwe na mashangazi, ambao neno lenu lina uzito kuliko letu sote katika siku hizo arobaini, tunawaomba muwe wa mwanzo kuleta khanga zenu kuukuu. Mkwe wako asiambiwe anunue, aambiwe, "Hii alivaa mke wako alipozaliwa, na wewe mvike mwanao." Hapo mmemstiri kijana na mmeistiri ndoa ya binti yenu. Na akina baba, fungu lile dogo mlilonalo lianzie kwenye sahani ya mama anayenyonyesha. Kinachobaki ndicho cha nguo.

Tunamuomba Allah (sw) awafanye watoto wetu kuwa wema, atutosheleze kwa halali yake tusiitamani haramu, na atuondolee madeni yanayotunyima usingizi. Amin.

Wabillahi tawfiq.